Vibao Viwili vya Fundi Mitambo

Wanafunzi walimwita Bi Sekunde, na yeye hakuwa na ugomvi na jina hilo. Alikuwa amefundisha fizikia katika shule ileile kwa miaka ishirini na sita, akiingia darasani kengele ikiwa bado inalia. Aliyechelewa dakika mbili aliulizwa mbele ya wenzake sauti ya kengele hiyo ingekuwa imefika kilomita ngapi kama isingechoka njiani. Jibu ni arobaini na ushei, na waliosoma kwake hawalisahau mpaka leo.

Jumatatu moja, baada ya kipindi cha mwisho, alikwenda kwa mama yake na barua mkononi. Alimkuta sebuleni, ameketi nyuma ya cherehani, miwani imemshukia puani. Mama alikuwa na miaka sabini na tisa, magoti yamemgomea, lakini macho bado yalitunga uzi kwenye sindano bila msaada wa mtu.

"Mama, wametupa saa moja. Alhamisi asubuhi, palepale ukumbini."

"Saa moja," mama akasema. "Walimhukumu kwa siku tisa, leo wanamsikiliza kwa saa moja."

"Saa moja inanitosha na chenji inabaki. Mimi nahitaji kipande kidogo tu cha sekunde."

"Unaringa wewe."

"Naringa, ndiyo."

Mama akacheka kidogo. Nyuma yake, ndani ya kabati la vioo, juu ya sahani za wageni, vilikuwapo vibao viwili vya mti mgumu, kila kimoja urefu wa kiganja, kingo zimelainika kwa kushikwa. Vilikuwa vya baba.

Baba alikuwa fundi mitambo wa ukumbi wa mikutano. Kazi yake ilikuwa kuwasha vipaza sauti, kurekodi hotuba kwenye kanda, na kukaa peke yake katika kibanda cha juu, nyuma kabisa ya ukumbi, mpaka wakubwa wamalize kusema. Miaka arobaini na moja iliyopita, Waziri alipigwa risasi akiwa jukwaani mbele ya watu mia sita. Watu hao waliposikia mlio waligeuza shingo zao nyuma, kwenye kibanda, na ndani ya kibanda alikuwapo mtu mmoja tu. Bastola iliokotwa chini ya ngazi za kibanda hicho. Risasi ilimpata Waziri ubavuni, lakini mwendesha mashtaka akasema bila shaka alikuwa amegeuka kidogo, na hakuna aliyembishia. Fundi akafungwa maisha. Mwaka wa nane akafia gerezani, akazikwa hukohuko, juu yake pamechomekwa kigingi chenye namba.

Sheria ilikuwa haina huruma: aliyemuua kiongozi hakabidhiwi kwa jamaa zake hata akiwa mifupa. Mama alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa. Katika makaburi ya ukoo wake palikuwa na nafasi yake, na kando yake nafasi nyingine aliyokuwa akiipalilia kila mwezi kwa miaka thelathini na tatu, na watu wote walijua ni ya nani. Sasa serikali ilikuwa imeunda Tume ya kupitia kesi za zamani, na Tume ilikuwa inafunga kazi Ijumaa.

"Nikuambie mapema, mama," Bi Sekunde akasema. "Namba zikisema ni baba, nitasimama pale niseme ni baba."

Mama alikikunja kitambaa cha cherehani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Sema," akajibu, kisha akaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Bi Sekunde hakulitilia maanani hilo. Alikuwa na mambo yake kichwani, na alikuwa mtu wa jambo moja kwa wakati mmoja.

Jambo lenyewe lilianza akiwa na miaka saba. Siku za mapumziko baba alimchukua ukumbini kukiwa kutupu, akamsimamisha jukwaani, akavigonganisha vile vibao. Tak. Baada ya kitambo kidogo, tak nyingine, ndogo, ikarudi kutoka ukuta wa nyuma. "Ukuta unajibu," baba akamwambia. "Ukichelewa kujibu, ujue uko mbali nao. Ukiusogelea, unajibu upesi. Ukiuegemea, haujibu kabisa, maana sauti yako na yake zimekuwa moja." Mtoto akazunguka ukumbi mzima akigonga na kusikiliza. Hapo ndipo fizikia ilipomwingia, na haikumtoka tena.

Nakala ya hotuba ya Waziri ilikuwa inapatikana kwa yeyote anayeitaka. Bi Sekunde aliiweka kwenye kompyuta, akautazama mstari wa sauti. Hotuba inaendelea, mlio wa bastola unapanda kama mwiba, kisha kidogo tu baadaye, kabla ya mayowe, kuna mwiba mwingine mdogo. Huo wa pili ulikuwa ukuta unajibu, angeweza kula kiapo. Na ukuta hauwezi kumjibu aliyeuegemea. Kibanda cha baba kilikuwa kimeegemea ukuta.

Akaiandikia Tume. Jibu likatoka kwa mshauri wao, Injinia mstaafu mwenye mwandiko mzuri sana. Mwiba wa pili, alisema, unaweza kuwa kiti kilichoanguka. Kupima upya hakusaidii, kwa kuwa ukumbi umebadilishwa, kuta zimefunikwa zulia na dari limeshushwa. Tena hakuna aliye hai wa kuthibitisha jinsi sauti ya kibandani ilivyosikika siku ile. Hakuwa mtu mbaya, Injinia huyu. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kukosolewa mbele za watu, na ugonjwa huo una dawa.

Tatizo ni kwamba alisema kweli. Bi Sekunde alihitaji ukumbi wa siku ile, si wa leo. Alilala na swali hilo, akaamka nalo. Jumanne asubuhi, akisahihisha madaftari, kalamu ikamsimama mkononi. Alikumbuka sentensi moja ambayo mama alikuwa akiisimulia kila mara, sentensi pekee ambayo baba aliruhusiwa kuisema kizimbani: "Sikilizeni kanda yote."

Nao walisikiliza. Saa mbili na dakika tisa, mahakama nzima imekaa kimya, mwanzo mpaka mwisho. Upande mmoja.

Aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, jambo lililowashangaza wote kwani hakuwahi kuomba ruhusa hata alipougua, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya kumbukumbu.

Mtunza nyaraka alikuwa mtu mpole mwenye sweta na glavu nyeupe, anayezungumza kama vile makaratasi yamelala na yeye hataki kuyaamsha.

"Kanda hii nimeicheza mara kumi na nne, mwalimu," akasema. "Naijua kuliko sauti ya mke wangu."

"Umeicheza upande gani?"

"Upande gani vipi? Hotuba iko upande wa kwanza."

"Na wa pili?"

"Wa pili mtupu. Umeandikwa hapa kwenye boksi: mtupu."

"Aliyeandika hivyo aliusikiliza?"

Mtunza nyaraka alilitazama boksi, akamtazama yeye, akalitazama boksi tena. Bi Sekunde alimweleza taratibu, kama anavyowaeleza wa kidato cha kwanza. Baba yake alikuwa na utaratibu wake. Asubuhi ya kila mkutano alijaribu mitambo kwa vibao vyake, na majaribio hayo aliyarekodi upande wa pili, ili upande wa kwanza ubaki safi kwa wakubwa. Mafundi wengine walijaribu na kufuta. Yeye hakufuta kitu.

Mtunza nyaraka akaigeuza kanda. Mashine ikaanza kuzunguka. Kukatoka mvumo wa umeme, mzito, usiokatika, halafu sauti ya mwanamume asiye na haraka ikasema: "Jukwaani." Tak.

Mashine ikasimamishwa. Mtunza nyaraka alikuwa ameutoa mkono wake kwenye kitufe kana kwamba kimemuunguza.

"Siwezi kuendelea," akasema. "Huu ni ushahidi mpya. Kanuni inasema ufunguliwe mbele ya Tume. Naifunga kwa lakiri sasa hivi, na Alhamisi nitaileta mwenyewe, kwa mikono yangu. Nisamehe, mwalimu. Mara kumi na nne."

Bi Sekunde alikuwa na miaka tisa mara ya mwisho kuisikia sauti ile. Watoto hawakuruhusiwa gerezani. Alikaa kwenye benchi la nje, akalia, na hakuona haya. Kisha akafuta uso, akaenda kufundisha kipindi cha nane.

Kwa hiyo Alhamisi aliingia ukumbini bila kulijua jibu, na hilo ndilo lililompa raha ya ajabu. Jaribio ambalo jibu lake linajulikana si jaribio.

Ukumbi ulikuwa umezeeka. Viti vya kukunja, zulia la rangi ya majivu limepanda mpaka ukutani, taa mbili zimekufa. Upande wa kulia, juu, palikuwa na roshani nyembamba ambayo taarifa ya polisi ilisema ilikuwa imefungwa kwa kufuli tangu asubuhi ya siku ile na ufunguo haukuonekana. Nyuma kabisa, juu ya ngazi kumi na moja, kibanda. Mwenyekiti wa Tume, jaji mstaafu mwenye sauti ya chini, aliketi meza ya mbele, Injinia kuliani kwake. Mtunza nyaraka alikuwa ameshaweka mashine, anailinda kama mgonjwa. Mama alikataa kukaa mbele. Alichagua kiti cha mwisho, karibu na mlango, mkoba mkubwa mapajani.

"Mwalimu, una saa moja," Jaji akasema.

Bi Sekunde aliuonyesha mstari wa sauti ukutani kwa mashine ya mwanga.

"Mheshimiwa Jaji, nitauliza swali moja tu. Hapa pana mlio wa bastola. Hapa pana mlio mdogo unaoufuata. Mimi nasema ni ukuta wa nyuma unajibu. Injinia anasema ni kiti. Sasa tutacheza majaribio ya asubuhi ile, ukumbi uleule, mashine ileile. Sauti ya kibandani ikijibiwa kama bastola ilivyojibiwa, basi baba yangu ndiye aliyefyatua, nami nitakaa chini. Isipojibiwa hivyo, si yeye."

"Naomba niingilie," Injinia akasema kwa upole. "Kanda ina miaka arobaini. Imevutika, imelegea. Mashine nayo haina uhakika wa mwendo. Utapimaje sehemu ya sekunde kwa saa usiyoiamini?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilisubiri, na alikuwa karibu kumshukuru.

"Sitatumia saa yangu, Injinia. Nitatumia ya kwenye kanda yenyewe. Mnausikia mvumo huu? Ni umeme wa ukumbi, umeingia kwenye nyaya bila kualikwa. Umeme wetu hutetema mara hamsini kila sekunde, leo na siku ile. Mawimbi yake ni haya madogo, yanapanda na kushuka. Kanda ikilegea, nayo yanalegea pamoja nayo. Sihesabu sekunde. Nahesabu mawimbi. Mheshimiwa Jaji, kati ya bastola na mlio mdogo yako mangapi? Hesabu wewe, usije ukasema nimekupangia."

Jaji alivaa miwani, akainuka, akaenda mpaka ukutani na kuhesabu kwa kidole kama mtoto wa chekechea.

"Saba," akasema.

"Saba. Sasa tucheze upande wa pili."

Lakiri ikakatwa. Mvumo ukajaa ukumbini, kisha ile sauti isiyo na haraka: "Jukwaani." Tak. Bi Sekunde hakutazama nyuma alipoketi mama. Alisimamisha mstari, Jaji akahesabu mpaka jibu la ukuta.

"Kumi."

"Kutoka jukwaani mpaka ukuta wa nyuma ni mita thelathini na nne. Jana nilipima, na mlinzi wa mlango alinishikia utepe. Kwa hiyo kila wimbi moja ni mita tatu na nusu kasoro kidogo kutoka ukutani. Twende."

"Katikati ya ukumbi." Tak.

"Tano," Jaji akasema. Injinia naye alikuwa amesimama sasa, anahesabu kwa midomo.

"Nusu ya njia, nusu ya mawimbi. Hakuna kiti kinachoanguka kwa hesabu namna hii, Injinia."

Injinia akatabasamu bila kupenda. Kanda ikaendelea. Hatua za viatu, mtu anapanda ngazi, anahema kidogo. "Roshani ya kulia." Tak.

Jaji alihesabu mara moja. Akahesabu tena. Hakusema namba. Kabla hajaisema, sauti nyingine ilitoka kwenye kanda, kali, ya mtu aliyezoea kutiiwa: "Fundi, shuka huko. Hapo leo pana watu wetu." Na baba akajibu, "Haya, mkubwa," na hatua zikashuka.

Mtunza nyaraka aliisimamisha mashine bila kuambiwa.

"Taarifa ilisema roshani ilikuwa imefungwa," Jaji akasema polepole.

"Ndivyo ilivyosema."

"Na mawimbi ni saba."

"Mita ishirini na nne kutoka ukutani. Ndipo roshani inapoishia. Ubavu wa Waziri ulikuwa unaitazama, na hakuhitaji kugeuka." Bi Sekunde alivuta pumzi. Mpaka hapo alikuwa hajashinda, na alilijua hilo vizuri kuliko wote. Kama kibanda nacho kingejibu saba, kwa sababu yoyote ile, hesabu yake yote ingekuwa kazi bure. "Lakini bado moja, Mheshimiwa. Hiyo ndiyo ya baba."

Kanda ikazunguka. Mlango mdogo ukafunguka na kufungwa. "Kibandani." Tak.

Walisubiri. Mawimbi ya umeme yakapita, kumi, ishirini, hamsini, yote sawasawa, hakuna mwiba mwingine. Kisha fundi akakohoa, akasema peke yake, "Ukuta haujibu, sawa," na kukawa na mlio wa kitufe.

Injinia aliivua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Watu mia sita waligeuka nyuma," akasema.

"Walisikia ukuta," Bi Sekunde akasema. "Ulijibu nyuma ya migongo yao, wakaugeukia. Ningekuwapo ningegeuka na mimi."

"Mimi nilikuwapo," Injinia akasema. "Safu ya nane. Niligeuka." Kisha akamwelekea Jaji. "Sina pingamizi. Ningependa iandikwe kwamba nimehesabu mwenyewe."

Jaji alinong'ona na karani wake, akasaini karatasi mbili. Kuhusu sauti ya kwenye roshani, alisema, kuna watu wataitwa, na hilo litachukua muda wake. Kuhusu hukumu, maandishi yatatoka kesho. "Lakini kuhusu kaburi, mamlaka ninayo mimi leo hii," akasema. "Familia ikamchukue."

Ulikuwa umebaki muda wa dakika kumi na tisa. Bi Sekunde, ambaye maisha yake yote hakupoteza hata moja, alisimama tu pale, mikono inaning'inia, furaha imemjaa mpaka hajui aiweke wapi. Akageuka kumtafuta mama. Kiti cha mwisho kilikuwa kitupu.

Mama alikuwa kwenye ngazi za kibanda. Ngazi kumi na moja, kwa magoti yale, mkono mmoja kwenye kishikio na mwingine umeukumbatia mkoba. Bi Sekunde alikimbia, akamfikia kwenye ya tisa, akamshika kiwiko. Mama hakumtazama wala hakusimama.

Ndani ya kibanda palikuwa na meza, kiti kisicho na mgongo, na ukuta wa zege ambao hakuna aliyekumbuka kuufunika zulia. Mama aliketi. Akafungua mkoba, akatoa vibao viwili, akavigonganisha. Tak. Ikawa moja tu.

"Jana yake," mama akasema, "tulikuwa tunakula chakula cha mchana. Redioni yuko Waziri. Baba yako akakata mkate, akasema, 'Huyu mtu asiponyamaza, atanyamazishwa.' Akaendelea kula. Kesho yake mtu amekufa."

Bi Sekunde akachuchumaa kando ya kiti.

"Sikumwambia mtu. Kila aliyeniuliza nilimwambia hakufanya. Mahakamani, kazini, kwenu watoto. Miaka arobaini na moja nimesema hakufanya, na nilikuwa sijui. Ile nafasi naipalilia kila mwezi, na kila nikiinama nawaza, je, nikizikwa hapa nitakuwa nimelala na muuaji?"

"Mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kupima?"

"Hapana. Ningepima vilevile."

"Najua. Wewe hukuwa unampendelea. Ndiyo maana nikakuachia." Alikipapasa kile kiti kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye bega la mwenzake. "Gerezani nilikwenda kila mwezi, sikuwahi kumuuliza. Naye alijua siulizi. Alikaa miaka minane ananitazama nisivyouliza."

Chini, mtunza nyaraka alikuwa anairudisha kanda kwenye boksi lake. Alikuwa amelikata kwa kalamu neno lililoandikwa juu, na sasa anafikiria aandike nini badala yake.

Mama alilia kidogo, akamaliza, akajipangusa kwa upindo wa nguo. Akavirudisha vibao mkobani, akafunga zipu, akanyoosha mkono ili ainuliwe.

"Twende tukamchukue," akasema.